Karatasi ya Kalenda kwenye Mlango wa Duka

Katika usaili wangu wa kwanza wa kazi niliulizwa swali moja tu, na sikulijibu.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, mjini Mwanza, na yule wa katikati akasema kwa upole kabisa, "Karibu. Hebu jieleze kidogo." Nilifungua mdomo. Kisha nikafikiri: nianzie wapi? Nikianza na kijijini wataniona mshamba. Nikianza na chuo kikuu watadhani najivuna. Nikisema napenda kusoma, wataniuliza nimesoma nini karibuni, na nilichosoma karibuni ni gazeti lililofungiwa maandazi kituo cha mabasi. Nilipomaliza kupima yote hayo, yule wa katikati alikuwa ameshafunga faili. "Asante," akasema. "Tutakujulisha."

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati ambao serikali ilishaacha kuwapangia wahitimu kazi moja kwa moja, na kila mmoja wetu alitakiwa kujitafutia. Nikarudi Kahama kwa mama mdogo, mtaa wa Nyasubi, nikiwa na suti yangu ya mahafali ndani ya mfuko wa plastiki, na lile swali.

Mama mdogo alikuwa akiuza mchele sokoni. Hakuniuliza kilichotokea Mwanza. Alinisogezea ungo akasema, "Chambua mawe, baba. Mpaka umalize utakuwa umepata la kusema."

Nilichambua wiki mbili. Mtu mwenye wasiwasi ni mchambuaji mzuri sana. Hakuna jiwe lililonipita. Ila la kusema sikulipata, au niseme nilipata mengi mno, na kila moja nililigeuzageuza mpaka likapoteza ladha. Ndipo nikaanza kuandika. Niliwaza kwamba swali lile haliwezi kuwa gumu kiasi kile kwa mtu aliyepewa muda wa kutosha.

Karatasi nilizipata kwenye duka la pembeni mwa soko. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa Kahama hapo hapo, na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyekulia mashule ya bweni. Kila mwaka alichapisha kalenda kubwa za kuwagawia wateja, na zilizobaki alizirundika stoo. Nyuma zilikuwa nyeupe kabisa. Nilimwomba moja, kesho yake nyingine, keshokutwa nyingine.

"Unaandika nini kila siku, kijana?"

"Najieleza, mzee."

"Kwa nani?"

"Bado sijajua."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi bandika pale mlangoni. Atakayepita, huyo ndiye. Lakini usifunike bei ya sukari."

Mlango wa duka lake ulikuwa wa mbao, wa majani mawili mapana, ambayo asubuhi yalifunguliwa nje na kulazwa ukutani, moja kulia na moja kushoto. La kulia liliandikwa bei kwa chaki. La kushoto lilikuwa tupu. Jioni mlango ukifungwa, upande ule wa maandishi uligeukia ndani, kwa hiyo karatasi yangu ililala dukani pamoja na magunia, mbali na umande. Wakati huo neno blogu lilikuwa halijafika Kahama. Mimi nilikuwa na jani la mlango na pini nne.

Karatasi ya kwanza ilinichukua siku tano. Nilitaka iwe juu yangu, lakini kila sentensi iliyoanza na "mimi" niliifuta. Mwishowe nikaandika jambo lililokuwa likinisumbua sokoni: kopo la kupimia mchele, je, linagongwa au haligongwi? Maana ukiligonga mchele unashuka na nafasi inabaki juu. Nilieleza hoja za kila upande, kwa haki kabisa, bila kutoa uamuzi. Nikabandika Jumatatu asubuhi, kisha nikaenda kujificha nyuma ya kibanda cha mama mdogo.

Kufikia mchana wapita njia walikuwa wameandika chini ya karatasi. "Linagongwa." "Haligongwi." "Anayesema haligongwi ni muuzaji." "Na wewe unayegonga, ukipimiwa pombe nayo unagonga?" Mwenye duka alipoona watu wanaazima kalamu kwake kila dakika, akafunga penseli kwa uzi kwenye komeo la mlango. Siku ile nililala usingizi mzuri, wa kwanza tangu Mwanza.

Basi ikawa kila Jumatatu karatasi mpya. Niliandika juu ya watu wanaosema "nakuja" huku wakiondoka. Niliandika juu ya madereva wa malori waliokuja kununua mchele na kukaa siku tatu kwa sababu ya mboga ya mama fulani. Wachimbaji waliopita Kahama kununua kamba na tochi kabla ya kurejea Geita walisimama kusoma, na wengine waliwasomea wenzao kwa sauti. Mimi mwenyewe sikuwemo kwenye hata karatasi moja. Niliona hiyo ni adabu. Leo najua ilikuwa woga.

Chini ya jani lile la kushoto, kwenye kibaraza, alikaa fundi baiskeli. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye vidole vinane. Viwili vya mkono wa kushoto viliachwa Geita chini ya jiwe, ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao la dhahabu. Baiskeli ya mama mdogo ilikuwa na mnyororo mkaidi, kwa hiyo nilishinda naye sana. Siku moja, bila mimi kuuliza, akaanza kunisimulia huku akipaka grisi.

Alikaa huko miaka saba. Duara la kwanza liliingia maji. La pili walichimba mpaka kwenye mwamba usio na kitu. Baadaye, vidole vilipokwenda kwenye la tatu, alibaki kwenye mabwawa akiosha upya mchanga uliokwisha kuoshwa na wenzake. "Una kitu ule mchanga," alisema, "ila unataka mtu asiye na haraka." Kila mwaka alisema atarudi akipata, na kila mwaka hakupata. Mwishowe akarudi hivyo hivyo, na dumu moja na tochi.

"Nilifika saa nne asubuhi. Mke wangu anapepeta mpunga uani. Akaniona. Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Halafu akasema, 'Maji ya kuoga yako nyuma.'"

"Kisha?"

"Kisha nikaoga."

"Hakukuuliza ulikuwa wapi?"

"Mpaka leo, kijana. Hajaniuliza."

Sijui kama ninaweza kueleza maneno yale yalivyoniingia. Mimi, ambaye swali moja lilinirudisha nyumbani nikiwa na suti mfukoni, nilisikia kwamba yuko mtu duniani aliyepokelewa bila swali hata moja. Nilitembea nayo siku mbili. Nilijua ningepaswa kumwomba ruhusa. Lakini nikawaza: nikimwomba, akakataa, je? Akikubali kwa kunionea haya, je? Nilizunguka hivyo mpaka nikafikia uamuzi ambao wakati ule niliuona wa hekima: nisitaje jina. Nikaandika tu "fundi mmoja mwenye vidole vinane." Kichwa cha habari kilikuwa "Maji ya Kuoga Yako Nyuma," na ndani yake nilieleza yote: miaka saba bila barua wala senti, dumu, tochi, mke anayepepeta.

Nilibandika Jumatatu. Fundi siku hiyo alikuwa amekwenda Shinyanga kutafuta matairi. Watu walisoma kimya. Mwanamke mmoja alifuta macho kwa ncha ya khanga. Mtu aliandika chini kwa penseli, "Mungu ambariki mama huyu," na mimi, nyuma ya kibanda, nilijiona mwandishi.

Jumatano akashuka kwenye basi mgeni kutoka Samuye, kwenye njia ya Shinyanga, mkulima mrefu wa makamo mwenye fimbo. Alikuwa kaka mkubwa wa mke wa fundi. Hangeweza kufika kwa dada yake mikono mitupu, kwa hiyo alipita dukani kununua sukari. Akatazama bei kwenye jani la kulia. Mzee alipokuwa anampimia, mgeni akageuka kushoto, akaanza kusoma.

Ambalo sikulijua ni hili. Miaka yote saba dada yake aliwaambia ndugu zake kule Samuye kwamba mumewe ni mlinzi kwenye kampuni huko Geita, kwamba anatuma fedha za matumizi, na kwamba vile vidole alivipoteza langoni mwa kampuni, kazini. Aliwaambia hivyo kwa sababu kaka alikwisha kutamka: mume akimtelekeza, watamrudisha nyumbani na ng'ombe wa mahari watarudishwa kwa wenyewe. Kumbe miaka ile yote alijilisha kwa ungo wake.

Mama mdogo, ambaye kibanda chake kilipakana na cha mke wa fundi, ndiye aliyeniletea habari.

"Yuko kwa dada yake, amekaa kwenye kigoda, pakiti ya sukari mapajani. Amepikiwa, hataki kula. Amepikiwa tena, hataki."

"Labda ameshiba, mama."

"Mtu akikataa kula kwa dada yake, baba, amekwisha kuhukumu. Jumapili anaondoka naye."

Nilikaa chini, juu ya mchele wa watu. Na hapo nikafanya kosa ambalo naamini ni mtu aliyesoma tu anayeweza kulifanya. Nilichukua karatasi nyingine ya kalenda, nikakaa nayo mchana kutwa, nikaandika maombi ya radhi. Yalikuwa mazuri. "Kwa fundi na mkewe," niliandika, "naomba radhi. Sikujua kwamba ndugu hawakuwa na habari ya ile miaka saba..." Alhamisi asubuhi nikayabandika pembeni ya karatasi ya kwanza, kwa pini mpya.

Wale ambao hawakuwa wametambua ni fundi gani, sasa walitambua. Wale ambao hawakujua kama kulikuwa na uongo, sasa walijua. Watu walijaa mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kama sukari imeshuka bei.

Fundi alirudi kutoka Shinyanga saa tano, matairi manne yamemvaa mabegani kama shanga. Watu walimpisha njia. Alisoma karatasi ya kwanza, akasoma ya pili. Kisha akachomoa pini moja moja, polepole, zote nane, akaziweka kwenye kopo lake la misumari. Akazikunja karatasi vizuri.

"Wewe msomi," akaniambia, bila kupaza sauti. "Ukijikwaa unarudi kujikwaa tena, uone vizuri lile jiwe."

"Nisamehe, baba."

"Sina ninalokudai. Lakini nimepita nyumbani, shemeji amemwambia mke wangu afunge mizigo." Akakaa kwenye kigoda chake, matairi bado shingoni. "Juu ya ile miaka saba hakuniuliza kitu. Sasa ameulizwa yeye."

Nilikwenda kwa mama mdogo na maneno mengi mdomoni.

"Nani alikufundisha kuomba radhi kwa kubandika ukutani?" akaniuliza.

"Nilifikiri..."

"Ndiyo shida yenyewe. Ulifikiri." Akamwaga mchele kwenye gunia, akakung'uta mikono. "Huku kwetu mtu akiwakosea watu, anawalisha. Au hilo chuoni halikufundishwa? Mchenya, baba. Umeshindwa kushika maneno, sasa shika mbuzi."

Nilikuwa nimewahi kuuona mchenya utotoni. Mtu mmoja kijijini alimsingizia jirani, wazee wakamtoza faini, lakini si ya kwenda mfukoni mwa mtu: alichinja, wake za watu wakapika kwake, na kijiji kizima kikala, mwenye kukosewa na mkosaji pamoja. Baada ya hapo hakuna aliyelishwa aliyeruhusiwa kulitaja tena. Ukilitaja jambo lililoliwa, faini inahamia kwako.

"Lakini huyu kaka hali, mama," nikasema. "Hataki kula."

"Hataki kula kwa dada yake. Kwangu hajakataa. Tena kwao Samuye ni mzee wa sungusungu. Ametoza watu mchenya mara ngapi? Nitakwenda mwenyewe kumwalika. Tuone atasemaje."

Mchele ungekuwa wa mama mdogo. Mbuzi alikuwa juu yangu, na nilichokuwa nacho duniani chenye thamani ni suti. Jumamosi nikaenda nayo mnadani. Nilizunguka mara tatu nikitafuta uso wa mtu anayehitaji suti. Kijana mmoja mfugaji, aliyekuwa na harusi mwezi ule, akaigeuza ndani nje, akanusa kwapa, akavaa koti juu ya shuka lake. Lilimkaa kuliko lilivyowahi kunikaa mimi.

"Koti nachukua," akasema. "Suruali kaa nayo, kiuno hiki si cha mtu anayekula. Na hii kazi uliyoshonea suti, uliipata?"

"Hapana."

"Basi mchukue yule mweusi. Ana kelele, lakini ana nyama."

Alikuwa na kelele kweli. Nilimfunga nyuma ya baiskeli, na njia nzima hadi Nyasubi watu walijua ninapita. Nilipopita mbele ya duka, fundi aliinua kichwa, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Mnyororo umelegea," alisema. Aliukaza, akaniruhusu niende.

Jumapili mchana tuliweka mkeka na vigoda uani kwa mama mdogo. Alikuja fundi, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuja mkewe, mwanamke mnene mtaratibu, akaenda moja kwa moja jikoni kusaidia, ingawa mama mdogo alimfukuza mara mbili. Mizigo yake, nilisikia, ilikuwa imeshafungwa. Basi la Shinyanga lingepita saa tisa. Mwisho akaja kaka na fimbo yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu anayeitikia hodi ya mgeni asiyemjua.

Mkosaji ndiye anayenawisha watu. Kwa hiyo nilisimama mbele ya kaka, jagi mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Hakutoa mikono. Aliiweka juu ya magoti.

"Mama yako mdogo ni mjanja," akasema. "Anajua siwezi kukataa kufika. Lakini kufika na kunawa ni vitu viwili."

"Ndiyo, baba."

"Taja kosa lako."

Nilikuwa nimelitayarisha. Nilikuwa na utangulizi, nilikuwa na sehemu ya nia yangu njema, nilikuwa na sehemu ya uandishi na wajibu wake. Nikafungua mdomo na nikaona ile meza ndefu ya Mwanza, watu watatu, faili.

"Kwa kifupi," akasema kaka.

"Nimesema ya watu, baba. Hayakuwa yangu."

Alisubiri. "Basi?"

"Basi."

Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko, alishusha pumzi. Sentensi mbili fupi. Sijawahi kujieleza vizuri vile.

Lakini kaka bado hakutoa mikono. Alimgeukia dada yake, akamuuliza kwa Kisukuma, taratibu, kwa nini alimdanganya miaka saba. Si mume, alisema. Mume ni mwanamume, wanaume hupotea. Yeye, mtoto wa mama yake, kwa nini?

Mke wa fundi alikuwa ameshika sinia la wali. Hakuliweka chini.

"Ningekwambia ukweli ungekuja kunichukua," akasema.

"Ningekuja, gete, kweli kabisa."

"Na mimi nilikuwa namngoja."

Mbuzi alikuwa kimya sasa, kwenye sufuria. Fundi alitazama vidole vyake vinane kana kwamba anavihesabu upya. Jagi lilinilemea mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa nikifikiri kitu chochote. Nilikuwa natazama tu ile mikono juu ya magoti, mikubwa, yenye mipasuko ya jembe, nikiiomba isogee.

Ikasogea. "Mimina basi," kaka akasema, "au unataka niandike barua?"

Nilimimina maji mengi mno, nikamlowesha viatu. Mama mdogo alicheka kwanza, halafu mke wa fundi, kisha hata kaka mwenyewe akatabasamu upande mmoja. Walikula sinia moja, kaka na shemeji, na kati ya nyama kulikuwa na ini. Kaka alilichukua, akaligawa kwa vidole, akasogeza kipande kikubwa upande wa fundi. Kisha akaagiza iletwe ile pakiti ya sukari aliyokaa nayo siku nne, mama mdogo akaweka chai. Basi la saa tisa lilipita likipiga honi barabarani, na ni mimi peke yangu niliyelisikiliza. Jumatatu kaka aliondoka peke yake.

Sikuandika tena. Nilimrudishia mzee kalenda zilizobaki, nikarudi kwenye ungo wangu. Kwenye jani la kushoto ilibaki alama ya mraba mahali ambapo jua halikuwa limechoma rangi, na penseli ikining'inia kwenye uzi bila kazi. Watu waliuliza. Mzee alinipa taarifa zao kila siku kama malalamiko ya wateja: dereva fulani amesikitika, wachimbaji wawili wamemwambia duka limepooza.

Zilipita wiki tatu. Jumamosi moja nikapeleka baiskeli, mnyororo ule ule, na fundi akaingiza mkono chini ya kigoda akatoa karatasi ya kalenda, mpya, haijakunjwa, na kile kikopo cha misumari chenye pini zangu.

"Mzee amenipa nikupe. Anaogopa ukimkatalia yeye."

"Nimeacha, baba."

"Mimi nilichimba maduara matatu, nikaja kuosha mchanga wa watu. Wewe umechimba moja tu, tena la mtu mwingine." Akanisukumia karatasi. "Andika. Ila sasa chimba kwako."

Nikamuuliza kama naruhusiwa kuwagusia siku moja, kama ningeandika. Alifikiri, akaniambia sheria inavyokwenda: waliolishwa ndio wasiolitaja. Aliyelisha anaweza kulitaja, kwa sababu ni la kwake, alilinunua kwa mbuzi. Ndiyo maana leo naweza kuandika haya.

Niliandika ile Jumamosi na Jumapili yake. Niliandika juu ya Mwanza. Meza ndefu, watu watatu, swali moja, na kijana aliyefungua mdomo mpaka faili likafungwa. Niliandika juu ya gazeti la maandazi. Niliandika kwamba kijana huyo ni mimi. Kila sentensi ilianza kama zamani, na kila nilipotaka kuifuta nilimkumbuka kaka akisema "kwa kifupi," nikaiacha. Jumatatu nikabandika, na sikujificha. Nilikaa kwenye kibaraza karibu na fundi, ingawa nilikaa nikitazama spoki.

Walicheka. Dereva mmoja alicheka hadi akashika ukuta. Wakaanza kuandika chini: "Ungewaambia unatoka Kahama, inatosha." "Hata mimi nilipopeleka posa nilikuwa hivyo." "Mkipewa kazi wote, nani atatuandikia?" Mzee alitoka na miwani yake, akasoma yote, akaongeza kwa mwandiko wake mdogo: "Jieleze hapa. Sukari bado bei ile ile."

Kwenye saa nne akaja mke wa fundi. Tangu ile Jumapili tulikuwa tunaamkiana tu, kwa adabu, na hakuna zaidi. Alisimama mbele ya jani la kushoto, kapu mkononi, akaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikisogea. Alikuwa msomaji wa polepole. Niliuangalia mgongo wake na kuwaza mambo kama ishirini, yote mabaya. Watu wengine walisoma wakaondoka, yeye bado yuko pale. Alifika chini kabisa, akasoma na yale ya penseli.

Akageuka, akanitazama, na sijui nilitarajia nini.

"Kumbe na wewe," akasema, "ulirudi mikono mitupu."

"Ndiyo, mama."

Alitikisa kichwa mara mbili tatu, kama mtu anayekubaliana na bei. Kisha akaingia dukani kununua chumvi, na alipotoka alimwambia mumewe ale mapema kwa sababu mchana angekwenda shambani, na kwamba nami nije kula, viazi vipo vya kutosha.